Haki ya Mtunzi na Uhuru wa Kusema

Kila inchi yenye sheria njema inatafuta mambo haya mawili: mtunzi asiibiwe kazi yake, na raia asifungwe kinywa chake. Zamani mambo hayo yaligongana mara chache, kwa sababu kuchapa kitabu au kutoa sahani ya muziki kulikuwa kazi ya watu wachache wenye mashini na feza nyingi. Leo kila mwenye simu ni mchapaji. Kwa dakika moja anaweza kuutuma wimbo wa mwingine duniani kote. Na kwa dakika ileile anaweza kufunua uovu wa mkubwa fulani kwa kuonyesha picha isiyo yake. Basi sheria inayomzuia wa kwanza yaweza kumpiga wa pili pia. Hapo ndipo penye shida.

Tunataka kuieleza shida hiyo kwa taratibu: kwanza, haki ya mtunzi ni nini, pili, uhuru wa kusema ni nini, tatu, namna gani vinagongana katika intaneti, nne, waamuzi wa Ulaya wamekata shauri gani, tano, kanuni gani inatupasa kuishika.

I. Haki ya mtunzi

Mtu akilima shamba, mihogo inayotoka humo ni yake, wala hakuna anayebisha. Lakini mtu akitunga wimbo, mali yake iko wapi? Mwizi akichukua mihogo, mwenye shamba analala njaa. Mtu akinakili wimbo, mtunzi anabaki nao kama mbele. Ndiyo sababu watu wengi, hata wenye zamiri njema, wanafikiri ya kwamba kunakili si kitu.

Wanakosa. Mtunzi haishi kwa wimbo wenyewe, ila kwa malipo ya wale wanaotaka kuusikia. Katika masoko ya miji yetu tunaona vijana wameketi na kompyuta zao, wakijaza nyimbo katika kadi za simu kwa mafranga machache. Mnunuzi anakwenda na furaha yake, muuzaji anabaki na faida yake. Lakini yule aliyekesha akipanga maneno, aliyelipa studio na wapigaji wa gitaa, hapewi kitu. Amefanya kazi, na mshahara wake umechukuliwa na mtu mwingine. Tendo hili lina jina lake, hata kama mali iliyochukuliwa haishikiki kwa mkono.

Sheria zimeliona jambo hili tangu zamani. Mapatano ya Berne ya mwaka 1886 yanaagiza kila inchi iliyoyapokea iwalinde watunzi wa inchi nyingine sawa na wa kwake. Hapa Kongo, amri ya tarehe 21 Juni 1948 iliwalinda watunzi wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mahali pake pakashikwa na amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 nayo, katika kifungu cha 46, inasema ya kwamba haki za watunzi zinalindwa na sheria. Tena tangu mwaka 2011 iko SOCODA, chama chenye kazi ya kukusanya malipo ya watunzi na kuwagawia.

Lakini tuangalie vizuri mipaka ya haki hii. Mpaka wa kwanza: inalinda namna mtunzi alivyolisema neno, hailindi wazo lenyewe. Aliyetunga wimbo juu ya taabu za mjane hawezi kuwakataza wengine wasiimbe juu ya wajane. Mpaka wa pili ni wakati: Mapatano ya Berne yanataka, kwa kawaida, ulinzi udumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, inchi za Umoja wa Ulaya zimeweka miaka 70. Kisha kazi yake inakuwa mali ya watu wote. Mpaka wa tatu: kifungu cha 10 cha Mapatano hayo kinatoa ruhusa ya kutaja maneno ya mwingine, mradi kazi yake imekwisha kutolewa kwa watu kwa halali, anayetaja asipite kiasi cha lazima, na jina la mtunzi lisifichwe. Basi haki ya mtunzi ni haki ya kweli, lakini si haki isiyo na mwisho.

II. Uhuru wa kusema

Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa, uliokutana Paris, ulitoa Tangazo la Haki za Binadamu. Kifungu cha 19 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake, na wa kutafuta, kupokea na kueneza habari. Kifungu cha 27 kinampa kila mtu haki ya kushiriki maisha ya utamaduni. Na palepale kinamlinda mtunzi, heshima yake na faida yake. Tazama: haki zote mbili zimeandikwa katika tangazo moja, wala moja haikupewa amri ya kuimeza nyingine. Katiba yetu inafanya vilevile: kifungu cha 23 kwa uhuru wa kusema, kifungu cha 46 kwa watunzi.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini uhuru wangu wa kusema uguse mali ya mwenzangu? Si niseme maneno yangu mwenyewe tu? Tunajibu: Mara nyingi mtu hawezi kusema neno la kweli bila kushika maneno ya mwingine. Mwalimu anayetaka kuonyesha kosa la kitabu, sharti asome fungu la kitabu kile. Mwandishi wa gazeti anayetaka kuonyesha ya kwamba mkubwa fulani aliahidi barabara na hakuijenga, sharti awasikilizishe watu hotuba yake ileile. Mchekeshaji anayemwiga mwimbaji hawezi kumwiga bila kuchukua kidogo sauti ya wimbo wake. Ukiwakataza watu hawa hata kipande kidogo, hukulinda mali tu, umewanyima kusema.

Historia inatuonya juu ya jambo hili. Mwaka 1557, huko Uingereza, Malkia Mary aliwapa wachapaji wa London, waliounganika katika chama kimoja, haki ya kuchapa vitabu wao peke yao, pamoja na nguvu ya kutafuta na kuharibu vitabu vilivyochapwa bila ruhusa. Wachapaji walipata faida yao, na watawala walipata walinzi wa kuzuia mawazo wasiyoyapenda. Aliyelinda biashara ndiye aliyefunga vinywa. Sheria ya ruhusa za uchapaji ilikoma mwaka 1695. Ndipo sheria ya Malkia Anne, iliyoanza kushikwa mwaka 1710, ikampa mtunzi mwenyewe haki ya miaka 14, na miaka 14 mingine kama angali hai. Hivyo kazi ya kumlinda mtunzi ilitengwa na kazi ya kuchunguza mawazo ya watu. Swali la siku zetu ni hili: je, mambo hayo mawili hayarudi kukaa katika nyumba moja?

III. Namna yanavyogongana katika intaneti

Mwaka 1998 Marekani ilitoa sheria inayojulikana kwa jina la DMCA. Kwa kifupi inasema hivi: kampuni inayowawekea watu video au maandiko yao hailipi kwa makosa ya watu hao, ikiwa inaondoa upesi kitu kinacholalamikiwa mara inapopata barua ya mwenye haki. Aliyeondolewa kitu chake anaweza kujibu kwa barua. Na mlalamikaji asipofungua kesi, kitu kinarudishwa baada ya siku za kazi 10 mpaka 14. Kwa kuwa kampuni kubwa za video zina makao yake Marekani, desturi hii imefika kila mahali. Kijana wa Goma au wa Kolwezi anayeweka video yake humo anaongozwa nayo, hata kama hajasikia kamwe jina la sheria ile.

Sheria hii ina akili yake. Bila kinga ya namna hiyo, kampuni zingeogopa kupokea kitu cha mtu yeyote asiye tajiri. Lakini tuangalie ni nani anayekata shauri. Si mwamuzi, ni kampuni. Nayo kampuni ikiiacha video, yaweza kushitakiwa. Ikiiondoa, haipati hasara yoyote. Basi inaiondoa. Mizani hii imeelemea upande mmoja tangu mwanzo.

Mifano miwili yatosha. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania aliweka katika YouTube video ya sekunde 29: mtoto wake mdogo anacheza jikoni, na wimbo wa Prince unasikika vibaya kutoka chombo cha muziki. Kampuni yenye haki za wimbo ule iliandika barua, video ikaondolewa. Mama alijibu, ikarudishwa baada ya majuma kadhaa, kisha akaishitaki kampuni ile. Mwaka 2015 tribinali ya rufani ilisema ya kwamba mwenye haki, mbele ya kutuma barua, sharti kwanza afikiri kama matumizi yale yameruhusiwa na sheria. Lakini ikaongeza ya kwamba akiamini kwa moyo mnyofu kuwa hayakuruhusiwa, hapati azabu. Kesi ikamalizika kwa mapatano mwaka 2018. Miaka 11 kwa sekunde 29! Raia wangapi wana avoka wa kuwasaidia miaka 11?

Mfano wa pili ni mbaya zaidi. Katika inchi ya Ekwado, huko Amerika ya Kusini, karibu na mwaka 2013, kampuni moja ya Hispania ilituma barua za namna hiyo kwa jina la televisheni ya Serikali, na filimu na video zilizomlaumu Rais Rafael Correa zikaondolewa. Filimu hizo zilikuwa na vipande vya picha za Serikali, kwa kuwa mtu hawezi kumlaumu mtawala bila kumwonyesha mtawala. Hapakuwa na askari wala gereza. Barua tu ilitosha.

Juu ya barua hizo ziko mashini. Tangu mwaka 2007 YouTube inatumia mashini iitwayo Content ID: inalinganisha kila video mpya na kazi zilizoandikishwa na wenye haki, na ikiona zinafanana inaizuia video, au inampa mwenye haki feza za matangazo yake. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2021, kadiri ya taarifa ya kampuni yenyewe, madai ya namna hiyo yalipita milioni 700. Yaliyobishiwa hayakufika 1 kwa 100. Lakini katika yale yaliyobishiwa, kiasi cha 60 kwa 100 yalimalizika kwa faida ya yule aliyeweka video; yaani zaidi ya mara milioni 2 katika nusu mwaka. Tena anayelipokea jibu kwanza ni yuleyule aliyedai.

Hesabu hizo zinatufundisha maneno mawili. Neno la kwanza: mashini inafaa, kwa maana madai mengi hayabishiwi. Neno la pili: mashini inaweza kujua ya kwamba sauti hii ni sawa na sauti ile, haiwezi kujua kwa nini mtu ameitumia. Wizi na lawama ya haki vina sauti ileile masikioni pa mashini.

IV. Shauri la waamuzi wa Ulaya

Shauri lililoeleza mambo haya vizuri kuliko mengine lilianza Bruxelles. Mwaka 2004 SABAM, chama cha watunzi cha Ubelgiji, kiliishitaki Scarlet, kampuni ya kuuza intaneti. SABAM ilisema: Wateja wenu wanapeana nyimbo za watunzi wetu bila kulipa; wekeni chujio katika nyuzi zenu ili nyimbo hizo zisipite. Mwaka 2007 tribinali ya Bruxelles ilikubali na kuiamuru Scarlet ifanye hivyo. Scarlet ikakata rufani, na waamuzi wa rufani wakaiuliza Tribinali ya Umoja wa Ulaya iliyo Luxembourg.

Jibu lilitoka tarehe 24 Novemba 2011, nalo lilikuwa: hapana. Waamuzi hawakusema ya kwamba watunzi hawana haki. Walisema ya kwamba haki hiyo imeandikwa kweli katika Mkataba wa Haki wa Umoja wa Ulaya, lakini hakuna neno linaloifanya isiguswe kamwe. Sharti ipimwe pamoja na haki za wengine. Chujio lililotakiwa lingechunguza habari zote, za wateja wote, bila mwisho wa muda, kwa feza za kampuni yenyewe. Hivyo lingeumiza uhuru wa kampuni wa kufanya biashara, na siri ya wateja, na uhuru wa watu wa kupokea na kutoa habari. Kwa maana chujio laweza kushindwa kutenga kilicho halali na kisicho halali. Kazi nyingine zimekwisha kuwa mali ya wote. Nyingine mtunzi mwenyewe amezitoa bure. Na yale yanayoruhusiwa katika inchi moja yanakatazwa katika nyingine. Tarehe 16 Februari 2012 waamuzi walewale walijibu vilevile katika kesi ya SABAM na Netlog, kampuni iliyowawezesha watu kuwekeana habari na picha zao.

Watunzi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na sababu: kampuni kubwa za video zinapata mali nyingi kwa nyimbo ambazo waliozitunga wanalipwa kidogo. Basi mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo namba 2019/790. Kifungu cha 17 kinazitaka kampuni hizo ziombe ruhusa ya wenye haki, au zijitahidi kuzuia kazi walizoonyeshwa zisiwekwe. Serikali ya Polonia ikashitaki, ikisema ya kwamba kifungu hicho kinaua uhuru wa kusema.

Hukumu ilitoka tarehe 26 Aprili 2022. Kifungu hakikufutwa, lakini kilizungushiwa ulinzi. Waamuzi walisema: chujio lisiloweza kutenga vizuri halali na kisicho halali halikubaliwi. Kampuni haiwezi kulazimishwa kuzuia kitu ambacho ubaya wake haujulikani bila uchunguzi mrefu wa sheria. Kutaja maneno ya mwingine, kuyalaumu, kuyapima, kuyaiga kwa mzaha, ni haki za watumiaji, si huruma wanayofanyiwa. Tena mtu aliyezuiwa apate njia ya kulalamika upesi, na malalamiko yake yasomwe na binadamu.

V. Kanuni inayotupasa

Tukiyakusanya hayo yote, tunaona ya kwamba swali si kuchagua kati ya mtunzi na msemaji. Mara nyingi ni mtu mmoja: mtunzi wa leo amejifunza kwa nyimbo za jana, na mwimbaji anayetaka alipwe ndiye anayetaka pia aimbe maovu ya wakubwa bila kuzimwa. Swali ni hili: pakiwa na shaka, hasara ya shaka ibebwe na nani?

Tunajibu kwa kutenga mambo mawili. Mahali ambapo kazi nzima imenakiliwa na kutolewa tena kama ilivyo, bila neno jipya, hakuna shaka. Iondolewe upesi, hata kwa mashini, na mtunzi alipwe. Lakini mahali ambapo kipande kimeingia katika usemi wa mtu mwingine, katika habari, lawama, mafundisho au mzaha, kikae mpaka binadamu mwenye akili ameamua. Kwa maana feza iliyocheleweshwa yaweza kulipwa baadaye. Lakini neno lililozimwa siku mbili mbele ya uchaguzi halirudishwi na mtu yeyote.

Mtu atasema: Mtunzi maskini hawezi kungoja. Ni kweli; na kwa hiyo malipo ya video inayobishiwa yawekwe pembeni mpaka shauri limekatwa, kisha apewe mwenye haki. Hivyo hapotezi kitu.

Mtu mwingine atasema: Video ni nyingi mno, binadamu hawatoshi kuzitazama. Tunajibu: hatuombi wazitazame zote, ila zile zinazobishiwa, nazo tumekwisha kuona ya kwamba hazifiki 1 kwa 100. Kampuni iliyopata mali ya kununua mashini haikosi mali ya kuajiri watu.

Wa tatu atasema: Waongo wataitumia njia hii ili waendelee kuiba. Wako kweli. Lakini waongo wako pande mbili, na mfano wa Ekwado umeonyesha hivyo. Basi anayebisha kwa uongo alipe hasara, na anayedai kwa uongo alipe vilevile. Sheria ya Marekani ina neno hilo kwa pande zote mbili, lakini sharti la kuhakikisha ya kwamba mdai alijua anasema uongo limekuwa gumu hata linawakinga wengi.

Tumalize na shauri kwa wasomaji wanaotumia kazi za wengine. Mkitaka wimbo mzima au filimu nzima, ombeni ruhusa na lipeni. Mkitaka kulaumu au kufundisha, chukueni kipande cha lazima tu, tajeni jina la mtunzi, na maneno yenu wenyewe yawe mengi kuliko ya kuazima. Mkipata barua ya madai, msifute yote kwa woga: someni ni nani anayedai, kazi ipi, kwa sababu gani, na kama hamkukosa, andikeni jibu ndani ya muda uliowekwa. Nanyi watunzi, andikisheni kazi zenu, dai lenu liende kwa yule anayeuza nakala, si kwa yule anayewapima au anayewalaumu. Mtunzi anayeutumia ulinzi wa sheria ili kumnyamazisha mkosoaji wake anawapa watu sababu ya kuuzarau ulinzi wenyewe. Na siku atakapoibiwa kweli, atalia peke yake.